Vigae vya ukuta wa jikoni: nimebaki na sampuli tatu mkononi, nichague ipi?

#1 Mwanajikoni (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Jiko letu lina vumbi la ukarabati miezi miwili sasa, na anayechelewesha ni mimi, kwa ajili ya ukuta usiofika hata mita za mraba mbili na nusu.

Makabati yameshafungwa, ni ya mbao rangi ya asali. Kaunta ni granaiti ya kijivu iliyokolea, yenye madoadoa mengi mno. Ukidondosha sindano juu yake, umeipoteza. Kilichobaki ni ule mkanda wa ukuta kati ya kaunta na makabati ya juu. Urefu kwenda juu ni sentimita 46, kwenda upande mita 4.5 na kona moja katikati. Nyuma ya jiko la kupikia mkanda unapanda zaidi mpaka kwenye feni ya moshi.

Sampuli nilizobaki nazo:

Ya kwanza ni vile vigae vyeupe vya kung'aa, mstatili wa sentimita 7.5 kwa 15, vya mtindo wa sabwei. Kila mtu anavyo na ndiyo sababu navisitasita.

Ya pili ni marumaru nyeupe, vipande vya pembe sita vilivyobandikwa kwenye wavu. Mume wangu ameshafunga ndoa ya pili na hii.

Ya tatu ni zelige za Moroko, mraba wa sentimita 10, zimetengenezwa kwa mkono. Hakuna viwili vinavyofanana, kingo zimepinda kidogo, na rangi inacheza kama maji. Hizi ndizo zinazonikosesha usingizi.

Nipeni mawazo, lakini tafadhali msinitajie chaguo la nne.

---

#2 Mvivu wa Kufuta

Nyeupe ya kung'aa. Uzi ufungwe.

---

#3 Bint Sakafu

Dada, mimi ninayo hiyo ya pili. Tuelewane maneno kwanza, maana watu huita kigae chochote marumaru. Ninayoisema ni lile jiwe lenyewe, la kuchimbwa.

Jiwe hilo ni kalisi kaboneti, ndugu wa chokaa. Tindikali ikiligusa hailichafui, inalila. Tone la ndimu au siki likikaa dakika chache, ukilifuta linaacha alama iliyofifia isiyong'aa. Ukisimama mbele huioni. Ukiinama pembeni unaiona kama njia ya konokono. Nilipaka sila, ile dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe, kabla ya grauti (ule uji wa kujazia maungio kati ya vigae) na baada ya grauti, nikajiona mjanja. Sila inazuia mafuta na rangi visizame ndani ya jiwe. Kuliwa na tindikali haizuii, na hilo dukani hawakunitamkia.

Halafu vipande vyenyewe vidogo, kwa hiyo maungio ni mengi. Nyuma ya jiko la kupikia mafuta yameingia kwenye grauti mpaka imekuwa na rangi mbili, juu nyeupe, chini sijui niiite nini.

Lakini nisiwe mnafiki. Upande wa friji, ambako hakuna kinachoruka, ukuta ule bado unanifurahisha kila asubuhi.

---

#4 Fundi Pimamaji

Mwanajikoni, nimebandika vigae miaka mingi na nimegundua wateja huchagua kigae kwa wiki tatu, grauti kwa dakika tatu. Wangefanya kinyume wangelalamika kidogo zaidi.

Kigae chenye ngozi ya kioo hakina shida kukifuta. Kinachochafuka ni maungio. Sasa fanya hesabu ya urefu wa maungio ndani ya mita moja ya mraba. Vigae vya 7.5 kwa 15 vinakupa kama mita 20 za mistari. Vya 10 kwa 10 vilevile mita 20, watu hushangaa wakisikia hivyo. Pembe sita zenye upana wa sentimita 5 zinakupa mita 40, na zikiwa za sentimita 2.5 unafika 80. Kigae kikubwa cha 30 kwa 60 ni mita 5 tu. Kwa ukuta wako wa mita mbili na ushei, ukichukua pembe sita ndogo unajiandikia karibu mita 200 za kusugua kwa mswaki.

Bado hujaniambia mambo matatu. Dirisha liko upande gani? Utaweka taa chini ya makabati? Na ukuta sasa hivi una nini juu yake, plasta tupu, rangi au vigae vya zamani?

---

#5 Mwanajikoni

Mita 200! Nimemsomea mume wangu, akauliza kama fundi ana ushahidi. Nimempa rula.

Dirisha liko kushoto kwenye sinki. Taa za utepe chini ya makabati zitakuwepo, waya umeshapitishwa. Ukuta ni plasta yenye rangi ya mafuta ya kung'aa, ya siku nyingi, imeshika vizuri.

---

#6 Fundi Pimamaji

Rangi ya mafuta kwanza. Gundi ya vigae haiipendi, haina pa kushika. Ikwaruzwe kwa msasa mkali au igongwegongwe mpaka plasta ionekane, vumbi lifutwe, ipakwe praima, lile pako la kwanza la kushikisha gundi. Mtu akikwambia "tunabandika juu yake tu," muulize atakuwa wapi vigae vitakapoanza kuita ukivigonga.

Sasa taa. Taa iliyo chini ya kabati na karibu na ukuta inamwaga mwanga kwa kuteleza juu ya vigae. Kigae kimoja kikitokeza milimita moja kuliko jirani yake, kinatupa kivuli. Mchana huoni kitu, usiku ukuta unaonekana kama ngazi. Ukichagua kigae bapa cha kung'aa unamtaka fundi asiyebahatisha, na utepe wa taa usogezwe mbele, kwenye ukingo wa kabati na si ukutani kabisa.

Zelige ni habari nyingine. Zile zimeumbwa zisilingane. Ni udongo wa kuchomwa wenye glezi, yaani ile ngozi ya kioo, unakatwa na kuchongwa kwa nyundo, na ndiyo maana kingo zina meno. Mwanga ukiteleza juu yake, kila kipande kinang'aa kivyake. Anayeupenda uhai huo atakaa akiutazama. Anayependa mistari ya rula ataona ukuta uliobandikwa na mlevi. Wewe ni yupi kati ya hao?

---

#7 KijikoChaMbao

Mimi si fundi, ila nimewahi kuharibu jiko langu mwenyewe kwa hiyo nina shahada.

Granaiti yako ina kelele. Makabati ya asali nayo yana mistari ya mbao, si kimya hata kidogo. Ukiongeza pembe sita za marumaru zenye mishipa ya kijivu, umeweka waimbaji watatu kwenye kipaza sauti kimoja. Mmoja kati ya hao watatu lazima anyamaze, na kwa kuwa kaunta na makabati havibadiliki, ni ukuta.

Jambo la pili ni neno "nyeupe". Hakuna nyeupe moja. Ipo yenye ubuluu ndani yake, ipo yenye ukijivu, ipo yenye krimu. Ukiweka nyeupe baridi kando ya mbao ya asali, mbao inageuka njano na ukuta unakuwa kama chumba cha sindano. Mimi nilifanya hivyo. Wageni walikuwa wakiingia wanauliza kama nimeajiriwa zahanati.

---

#8 Kumbukumbu

Nichomekee kidogo. Hivyo vya sabwei vilipata jina kutokana na vituo vya treni ya chini ya ardhi ya New York, vilivyofunguliwa mwaka 1904. Wasanifu Heins na LaFarge walifunika kuta za vituo kwa vigae vyeupe vya kung'aa kwa sababu ambazo hata jikoni zina maana: vinaoshwa kirahisi, na vinaurudisha mwanga mahali ambapo jua halifiki. Uholanzi nako, tangu karne ya 17, walibandika vigae vya mraba vya kama sentimita 13 kuzunguka meko na chini ya kuta, palipokuwa na masizi na unyevu.

Kwa hiyo Mwanajikoni anaposema "kila mtu anavyo", ni kweli, ila wamekuwa navyo zaidi ya miaka mia moja bila kuvichoka.

---

#9 Mvivu wa Kufuta

Asante mwalimu. Kwa ufupi: nyeupe ya kung'aa.

---

#10 Mzee wa Kalibra

Naona mnazunguka. Swali la kwanza ni poselini, udongo uliochomwa ukabana sana, au seramiki, udongo wa kuchomwa wa kawaida. Chukua poselini tu, seramiki inakunywa maji kama sponji. Na uulize daraja la ugumu, likiwa chini ya 4 usinunue.

---

#11 Fundi Pimamaji

Mzee wa Kalibra, kwa heshima zote, hapo umeleta sheria za sakafu ukutani.

Ni kweli poselini hainywi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na seramiki za ukutani kwa kawaida zinavuka asilimia 10. Lakini maji hayapiti kwenye glezi. Nyuma yake kuna gundi na plasta kavu, mbele kuna ngozi ya kioo. Mkanda wa jikoni si bafu la kusimama chini ya mvua. Na daraja unalolitaja, lile la 1 mpaka 5, hupima jinsi glezi inavyolika kwa kukanyagwa. Labda kama Mwanajikoni ana mpango wa kutembea ukutani.

Tofauti ataiona wakati wa kukata. Seramiki unaikwaruza kwa kikatio cha mkono, inavunjika safi. Poselini inataka diski ya almasi, na kutoboa nafasi za soketi ndani yake kunakula muda na vipande. Una soketi ngapi kwenye huo mkanda?

---

#12 Mwanajikoni

Tano.

---

#13 Fundi Pimamaji

Basi seramiki, bila wasiwasi. Na kumbuka, kigae na gundi vitaongeza unene wa sentimita moja hivi, kwa hiyo visanduku vya soketi vitabaki ndani. Mwambie fundi umeme alete vipande vya kuvitokezesha na skrubu ndefu, na umeme uzimwe kwenye swichi kuu siku ya kazi, si swichi ya jikoni tu.

---

#14 Mzee wa Kalibra

Nimekubali hilo la kukanyaga. Lakini zelige zinanywa maji, usiniambie hapana. Kingo zake hazina glezi.

---

#15 Fundi Pimamaji

Hilo nakuunga mkono asilimia mia. Palipobanduka kidogo kwenye kingo pana udongo uchi, na hapo mafuta yanaingia. Ndiyo maana zikiwa nyuma ya jiko hupakwa sila, na hupangwa karibu karibu, maungio ya milimita moja au mbili, ili grauti iwe kama uzi tu.

---

#16 Mvivu wa Kufuta

Najua mwenye uzi amekataa chaguo la nne, ila kwa wengine wanaosoma: kioo kimoja kizima. Hakuna ungio hata moja. Nimekiweka nyuma ya jiko miaka mitano sasa, nafuta mara moja kwa kitambaa naenda kulala.

Masharti yake ni mawili matatu. Kiwe kioo kilichokazwa kwa moto, cha kawaida kitapasuka kwa joto la jiko. Kikishakazwa hakikatwi wala hakitobolewi tena, ukijaribu kinasambaratika chote. Kwa hiyo vipimo vya soketi vichukuliwe na mtu aliyelala vizuri. Cha kwangu tundu moja lilikosewa kwa milimita 8, kikarudi kiwandani kikiwa takataka, tukaagiza kipya. Na kama nyuma unapaka rangi nyeupe, omba kioo chenye chuma kidogo, la sivyo nyeupe yako itageuka kijani kama chupa.

---

#17 Bint Sakafu

Leo ndio nimejua kwa nini unaitwa hivyo.

---

#18 KijikoChaMbao

Mwanajikoni, usiamue kwa kipande kimoja kilicholala mezani. Kigae kinaishi kikiwa kimesimama. Chukua angalau vipande sita vya kila aina, vibandike kwenye ubao mwepesi kwa gundi ya karatasi, acha nafasi za maungio, kisha simamisha ubao pale pale nyuma ya sinki. Utazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Rangi ya balbu nayo inabadilisha kila kitu, kwa hiyo tumia zile taa utakazofunga.

Halafu vichafue. Mafuta, siki, ndimu, acha mpaka kesho.

---

#19 Mwanajikoni

Nimerudi baada ya siku tisa. Nimefanya kila kitu mlichosema, jirani anadhani nimefungua maabara.

Marumaru: nilimpa mume wangu ndimu mkononi, nikamwambia akamulie mwenyewe. Asubuhi tukafuta. Alama ipo, kama Bint Sakafu alivyosema, huioni mpaka uiname. Aliinama. Akainuka. Akasema "ni ndogo," akaenda kufungua friji ambayo haikuwa na kitu.

Zelige: mchana, mwanga wa dirisha ukiingia kwa kushoto, ni kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye picha. Nilikaa kwenye kiti nikaviangalia tu. Lakini nilipovipaka mafuta na kuvifuta, kitambaa kilinasa kwenye kingo mara tatu, na nyuzi zikabaki pale. Nikajiuliza kama nitakuwa na subira hiyo kila jioni baada ya kazi. Jibu ninalijua na sitaki kuliandika.

Sabwei nyeupe: KijikoChaMbao alisema kweli. Ni zahanati. Makabati yamegeuka njano papo hapo.

Sasa msinicheke. Nimeleta chaguo la nne. Dukani nimekuta seramiki ya sentimita 6.5 kwa 20, rangi ya krimu hafifu, ya kung'aa. Uso wake umepewa mawimbi kidogo kama wa kutengenezwa kwa mkono, lakini kingo zimenyooka na kuna glezi mpaka ukingoni. Nimeisimamisha ukutani. Usiku taa ikiwaka inacheza kidogo, si kama zelige, lakini inacheza. Kitambaa kinapita bila kunasa.

Niulize: mpangilio upi, grauti ipi, ninunue ngapi?

---

#20 Mvivu wa Kufuta

Tuliambiwa tusitaje la nne.

---

#21 Fundi Pimamaji

Bila picha naweza kusema umechagua vizuri, kwa sababu hesabu yake inakaa.

Tazama. Kigae 6.5, ungio la milimita 2, safu moja ni sentimita 6.7. Chini acha nafasi ya milimita 3 juu ya kaunta. Safu sita nzima zinafika sentimita 40.5. Kwenye 46 unabaki na 5.5, kwa hiyo safu ya saba inakatwa ibaki 5.3 hivi, na inajificha chini ya kabati. Hakuna atakayejua. Ungechukua zile za 7.5, safu ya sita ingetakiwa kunyolewa kama milimita 5 kila kigae, na kunyoa ukanda mwembamba namna hiyo kwa kikatio cha mkono ni kazi ya kutukana.

Idadi: ukuta wako, ukiongeza kile kipande cha juu nyuma ya jiko, nakadiria mita za mraba 2.4. Kigae kimoja ni 0.013. Zinatoka kama 185. Ongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukatwa, nunua 204. Ungetaka mpangilio wa mfupa wa samaki, vigae vikilala mshazari kama miiba, ningekwambia asilimia 15 au zaidi, maana kila mwisho wa mstari ni kona iliyokatwa. Vichache vitakavyobaki usivirudishe, viweke juu ya kabati. Miaka sita ijayo bomba likivuja ndani ya ukuta utanikumbuka.

Sasa sikiliza hili kwa makini: kila boksi lina namba ya toni, yaani kivuli cha rangi, na namba ya kalibra, yaani kipimo halisi cha kigae. Hakikisha maboksi yote yana namba moja. Tanuru la leo na la mwezi ujao hayatoi krimu ile ile.

---

#22 KijikoChaMbao

Mpangilio, kwa maoni yangu: kaunta ina kelele, kwa hiyo usipige mfupa wa samaki. Ama matofali ya kawaida, kigae kinaanzia katikati ya cha chini yake, ama vyote kimoja juu ya kimoja. Wa pili unaonekana wa kisasa na mtulivu, ila hausamehi. Kigae kikipunguka upana kidogo, mstari wa kusimama utayumba na jicho litauona kutoka mlangoni.

---

#23 Fundi Pimamaji

Kweli kabisa. Na kwa wengine watakaosoma: ile ya kuanzia katikati inafaa vigae vifupi kama hivi. Kigae kirefu kinachopita sentimita 38 mara nyingi kimepinda kidogo kama upinde, katikati pako juu kuliko ncha. Ukiweka ncha ya kimoja penye katikati ya kingine, unapata ile ngazi niliyoisema. Virefu huhamishwa kwa theluthi tu.

Grauti: ungio lako ni milimita 2, kwa hiyo ya saruji isiyo na mchanga. Yenye mchanga ni kuanzia milimita 3 kwenda juu, na inakwaruza uso unaong'aa. Ukiweza kumpata fundi aliyezoea grauti ya epoksi, ya gundi ya plastiki badala ya saruji, nyuma ya jiko iweke hiyo, haihitaji sila na mafuta hayaingii. Ila ni ya mtu mwenye mikono ya haraka. Ikikaukia juu ya kigae utaifuta kwa machozi.

Rangi usichukue nyeupe. Chukua iliyo nusu toni chini ya kigae, kama mchanga mkavu. Nyeupe nyuma ya jiko haibaki nyeupe, na nyeusi kwenye kigae chenye mawimbi itachora kila kosa kwa kalamu ya wino.

---

#24 Bint Sakafu

Ongeza hili Fundi, la pembe. Kwangu walijaza grauti pale ukuta unapokutana na kaunta. Baada ya miezi mitatu ikapasuka mstari mzima, maji yakawa yanaingia nyuma.

---

#25 Fundi Pimamaji

Ahsante, nilikuwa nasahau. Pale ukuta unapokutana na kaunta, na kwenye kona ya kuta mbili, hapawekwi grauti. Kaunta na ukuta havitikisiki pamoja, kabati likibeba vyombo linashuka unywele, na grauti haijui kunyumbuka. Hapo ni silikoni, gundi inayonyumbuka kama mpira, ya rangi ile ile ya grauti. Ile nafasi ya milimita 3 niliyosema chini ni kwa ajili yake.

---

#26 Mwanajikoni

Wiki nne baadaye. Kazi imekwisha, niwape taarifa kamili kwa kuwa mmenilea.

Maboksi yalikuja saba. Sita yana namba moja ya toni, la saba tofauti. Muuzaji akasema "ni yale yale mama, tofauti haionekani." Nikatoa kigae kimoja kutoka kila upande, nikavisimamisha dirishani. Kimoja krimu, kingine kama kimetiwa chai. Alilibadilisha bila neno lingine. Fundi wetu naye akafungua maboksi yote mwanzoni na kuvichanganya, kwa kuwa hata namba zikifanana kila boksi lina kivuli chake.

Tumepanga matofali ya kawaida. Alianza kwa kupanga kwenye sakafu bila gundi, akagundua akianzia kona angeishia dirishani na kipande cha sentimita 2. Akasogeza mwanzo nusu kigae, pande zote mbili zikaisha na vipande vya kuheshimika. Nusu saa tu, lakini ndiyo iliyookoa ukuta.

Siku ya grauti nilimkuta ameshashika mwiko wa mpira anaelekea kwenye ungio la kaunta. Nikasema hapo silikoni. Akaniangalia. Nikasema tena. Akauliza nimesomea wapi, nikamwambia kuna wazee fulani. Alicheka, lakini aliiweka, akabandika utepe juu na chini kwanza, akaipitisha kidole chenye maji ya sabuni, ikatoka mstari mmoja.

Epoksi hakuizoea na alisema ukweli, nikamheshimu kwa hilo. Tumetumia ya saruji rangi ya mchanga, tukasubiri siku tatu ikauke ndipo tukapaka sila. Utepe wa taa tuliusogeza mbele kama Fundi Pimamaji alivyoelekeza. Siku ya kwanza ulikuwa nyuma, na kweli niliona ngazi mbili karibu na feni. Ulipohamia mbele zikapotea. Bado ninajua zilipo.

Zelige sita za sampuli sikuzirudisha. Zimewekwa kwenye trei karibu na dirisha, naweka vikombe juu yake.

---

#27 KijikoChaMbao

Na mzee wa marumaru amesemaje?

---

#28 Mwanajikoni

Mpaka leo hajasema kitu. Ila juzi usiku nilimkuta anaufuta ukuta mwenyewe, hajaombwa na mtu. Alipomaliza akainama pembeni, akatazama.

---

#29 Mvivu wa Kufuta

Sitaki kujisifu, lakini someni #2.

---

#30 Mwanajikoni

Ulisema nyeupe. Hii ni krimu.